Siku Tuliposhusha Skrini ya Marjani

Swali la kwanza nililoulizwa kazini halikuhusu shule wala ukoo wangu. Meneja wa Sinema ya Marjani, pale Shauri Moyo, alinipandisha ngazi ya chuma nyuma ya jumba, akagonga mlango wa bati, akanikabidhi kwa Opareta Mkuu na kushuka zake. Opareta Mkuu alikuwa mzee mfupi wa Pumwani mwenye kofia ya viua, na sote tulimwita Fundi Athmani. Hakunisalimia. Alinishika viganja akavigeuzageuza kama mama anayechagua viazi sokoni.

"Mikono yako hutoka jasho?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Na ukiogopa?"

"Sijui, mzee."

"Basi leo utajua." Akanipa kipande cha filamu nikishike kwa kingo tu, bila kugusa katikati. Nilikaa nacho mchana kutwa kando ya mashine inayounguruma, kwenye chumba chenye joto la kuokea mkate, na kila alipopita aliinama kuangalia kama nimeacha alama ya kidole. Jioni akaniambia nirudi kesho. Hivyo ndivyo mimi Wafula, kijana aliyetoka Bungoma kutafuta kazi ya kiwandani, nilivyopata kazi ya sinema.

Ninyi mnaobonyeza kitu picha ikatoka, tulieni kidogo niwaeleze. Picha ilikuja kwa mikebe, ndani ya kila mkebe reli moja, yaani gurudumu moja la filamu, na reli moja haikutosha hata kumaliza chai kwa starehe. Kwa hiyo tulikuwa na mashine mbili zikipokezana. Reli ikikaribia kwisha, doa dogo lilitokea pembeni juu ya picha. Doa la kwanza, washa mota ya mashine ya pili. Doa la pili, vusha. Kuvusha ni kufunga mwanga wa mashine hii na kufungua wa ile kwa pigo moja, mtazamaji asijue kitu. Mwanga wenyewe haukuwa wa balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyoelekezana ncha, umeme ukiruka kati yao kwa weupe wa kuumiza macho. Vijiti vikiungua vinapungua, nawe unavisogeza polepole kwa mkono huku jicho liko kidirishani, ukitazama ukumbi chini. Filamu ikikatika unakwangua ncha zake, unapaka gundi yenye harufu ya rangi ya kucha, unabana, unaendelea. Huko tulikuita kuunga.

Fundi Athmani alikuwa na ukali wake. Nikichelewa kuvusha hata kidogo, alinipiga kofi la bega. "Wafula, kazi yetu ni kusahaulika," alikuwa akisema. "Wakikumbuka kwamba upo, ujue umeharibu."

Lakini watu wa Marjani hawakuwa wepesi kusahau. Walitoka Shauri Moyo na Kariobangi, na wengine walitembea kutoka Mukuru kwa Njenga baada ya zamu, vumbi la kiwanda likiwa bado nywelani. Hawakutazama picha kimya. Waliijibu. Adui akijificha nyuma ya mlango, jumba zima lilimwonya stering, yaani yule mkubwa wa picha. Na walikuwa na sheria moja isiyovunjwa: stering hafi. Sasa, mikebe hadi itufikie sisi ilikuwa imezunguka nchi nzima, imekatwa na kuungwa kila mahali. Kipande kikikosekana hawakulaumu mtu mwingine. Shingo zote ziligeuka kutazama kidirisha chetu. "Opareta! Umekata!" Wako walioamini kabisa kwamba sehemu tamu tunazificha tukazitazame wenyewe.

Tulikuwa na desturi ya kuwajibu. Filamu ikikatika, unawasha taa za ukumbi, unafungua kidirisha, unatoa mkono na kupunga kile kipande wakione. Maana yake: nimesikia, naunga, tulieni. Wakiuona mkono walitulia, wakamwita muuza njugu, wakangoja. Hawakuniona uso miaka hiyo yote, ila mkono wangu waliujua.

Nilihamishiwa Thika kwa muda, kwenye jumba jingine la tajiri mwenye Marjani, chini ya Meneja aliyependa mpira kuliko picha. Jumamosi aliniacha peke yangu akaenda kusikiliza mpira redioni. Nilirudishwa Marjani macho ya Fundi Athmani yalipoanza kuona ukungu. Alinikabidhi ufunguo wa chumba mbele ya Meneja, akashuka ngazi akipapasa, wala hakukubali kushikwa mkono. Tangu siku hiyo Opareta Mkuu nikawa mimi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba naona haya kuisema. Jioni nikitembea kwenda nyumbani nilisikia vijana wakisimuliana picha barabarani, wakirushiana ngumi za hewani, nami nilipita kimya nikijua kwamba yote hayo yamepita mikononi mwangu.

Miaka ya tisini ilituingilia vibaya. Vibanda vya video vilichipuka Kariobangi na Mukuru, televisheni moja, mabenchi manne, na mtu akatazama karibu na mlango wa mama yake. Nani atembee hadi Marjani? Viti vilianza kubaki wazi, kwanza nyuma, kisha katikati. Siku moja niliwaonyesha picha nzima wazee wawili na mlevi mmoja aliyelala. Mwenye Jumba wakati huo alikuwa Bi Zehra, mjane wa yule tajiri, mwanamke mwembamba aliyeuza vitambaa kwa jumla mjini. Alikuja mwenyewe kufunga. Meneja na wakata tiketi wakaenda zao. Mimi akaniachia funguo niwe mlinzi.

Nililinda nini? Panya na viti. Kila Ijumaa nilipanda juu nikazitia mashine mafuta, nikazizungusha kwa mkono zisikamate kutu, nikakaa. Mke wangu aliniuliza kama nimepata bibi mwingine kule juu. Nikamwambia ndiyo, wawili, tena wazito. Tulicheka, lakini nilikuwa na huzuni ya kweli. Niliutamani ule mlio. Niliyatamani hata matusi yao.

Ndipo wafanyabiashara wa mitumba wa Gikomba walipomfuata Bi Zehra. Walitaka jumba liwe stoo ya marobota, na walikuwa tayari kung'oa viti. Karibu wakati huo huo akaja Mwalimu Consolata. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari, mama wa Kakamega mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na alikuwa na kikundi cha vijana wa mitaa yetu, vibarua wa viwandani na wachuuzi, waliofanya mazoezi ya michezo ya kuigiza kwenye uwanja wa kanisa hadi mvua iwafukuze. Alimwomba Bi Zehra ampe Marjani iwe nyumba ya sanaa ya mitaa hii: michezo, ngoma, taarabu ya akina mama wa Pumwani, chochote chenye watu ndani.

Bi Zehra alitusimamisha ukumbini, yeye na mkoba wake, akasema mbele yangu. "Mwalimu, nakupa Jumamosi moja. Mimi nitakaa nyuma. Watu wakijaa na wakakaa mpaka mwisho, jumba ni lenu, tutapatana kodi. Wakitoka katikati, Jumatatu marobota yanaingia. Jumba lisiloweza kushika watu ni stoo tu, hata ukiliita jina gani."

Nilimpenda Mwalimu Consolata siku hiyo moja. Kesho yake tuligombana.

"Mzee Wafula," akaniambia, amesimama mbele ya skrini mikono kiunoni, "hii itatoka."

"Mwalimu, hiyo si pazia la jikoni."

"Nyuma yake kuna nafasi nzuri imelala bure, spika na mavi ya panya. Mbele yake nimebakishiwa pa kusimama kama mshumaa. Watu wangu watacheza ngoma ya isukuti wapi, juu ya mapaja ya wateja?"

"Ikishuka haipandi tena. Kitambaa kimezeeka, ukikikunja kinapasuka."

"Najua."

"Na bila skrini hii si sinema."

Alinitazama, si kwa ubaya. "Mzee, kwani sasa hivi ni nini?"

Swali hilo lilinikasirisha. Nilimwambia maneno ambayo mkristo hapaswi kumwambia mwalimu. Nikaenda nyumbani, nikakataa chakula. Mke wangu ndiye aliyenipasulia jipu. "Unataka kulinda kitambaa au unataka kulinda jumba?" akaniuliza. "Maana vyote viwili huvipati." Nilijua anasema kweli. Nilitaka jumba lile liishi, basi. Nilitaka watu ndani yake, hata kama hawakuja kwa ajili yangu.

Nilirudi nikasema skrini nitaishusha mimi mwenyewe, mtu mwingine asiiguse. Skrini ya sinema haipigiliwi misumari. Imefungwa pande zote kwenye fremu kwa kamba, kama kiatu, na ina vitundu vidogo vidogo kila mahali ili sauti ya spika za nyuma ipenye. Nilifungua fundo moja baada ya jingine, toka chini hadi juu ya ngazi. Fundo la mwisho lilipoachia, kitambaa kilishuka kikatoa vumbi, na nyuma yake kukawa na shimo jeusi na ukuta wa matofali. Nililia. Vijana wa Mwalimu waliona, wakajifanya wanafagia.

Kazi iliyobaki waliifanya wao. Kuta za sinema hufunikwa mbao laini za kunywa mwangwi, kwa sababu spika zina nguvu zake. Koo la binadamu halina. Mwigizaji alisema kitu jukwaani, sauti ikafia safu ya tatu. Waling'oa mbao za pembeni, jumba likaanza kuitika. Kisha Mwalimu akapanda ngazi ya chuma kwa mara ya kwanza, akihema, akaniambia hana taa.

"Mashine yako ina mwanga, mzee?"

"Ina mwanga wa kukupofusha."

"Nimulikie watu wangu."

Nilikuwa na maboksi machache ya kaboni yaliyobaki. Nilitoa lile bapa linalozunguka likikata mwanga wa filamu, nikawasha mashine bila reli, mwanga mtupu ukatua jukwaani mweupe pe. Vijana wakapiga makofi. Nikawa na kazi tena, ingawa ya kuonyesha hewa.

Jumamosi yenyewe onyesho lilikuwa mchana, jua kali, na watu walijaa kuliko nilivyotarajia. Nadhani wengi walidhani picha zimerudi, maana walikuja na njugu zao na kwenda moja kwa moja kwenye viti vyao vya zamani. Bi Zehra alikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Mchezo ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe, wa kibarua wa Mukuru aitwaye Sande ambaye anawatetea wenzake kazini. Watu walimpenda Sande mara moja. Walimjibu, walimwonya, wakamfundisha ngumi. "Sande, nyuma yako, manze!" Nami juu nikisogeza kaboni nilijiona kijana.

Halafu Sande akafa. Sikuwa nimeona mazoezi yakifika hapo, kwa hiyo hata mimi nilishtuka. Mchezo ulikuwa haujafika nusu, na Mwalimu Consolata amemuua stering, amemlaza chini katikati ya jukwaa, akiwa amepanga sehemu yote iliyobaki iwe ya wanaomzika.

Ukumbi ukaripuka. "Stering hafi!" "Hiyo picha gani?" Miguu ikapigwa sakafuni. Na ndipo, kama zamani, shingo zote zikageuka zikatazama juu kwangu. "Opareta! Umekata! Rudisha Sande!" Hawakuwa wakitania, jamani. Walikuwa wamekaa kwenye viti vile vile, mwanga unatoka kidirisha kile kile, na kwao aliyeharibu alikuwa mmoja tu. Baadhi wakaanza kuinuka kuelekea mlangoni. Nilimwona Bi Zehra anawatazama wanavyoinuka, ameshika mkoba wake magotini.

Mkono hufanya ulichozoea. Nikawasha taa za ukumbi, nikafungua kidirisha, nikatoa mkono. Ulikuwa mtupu, lakini niliutoa. Na wao, Mungu awabariki, wakatulia! Waliokuwa wameinuka wakasimama palepale wakingoja niunge.

Sasa fikirini hali yangu. Jumba zima linangoja, waigizaji wameganda chini ya taa, maiti ya Sande inapepesa macho, na sina gundi ya kitu kama hicho. Mwalimu alikuwa ametokeza uso pembeni mwa jukwaa, mdomo wazi. Wakaanza kunong'ona. Nikajua sekunde hiyo kwamba wakigeuka tena kuelekea mlangoni, Marjani imekwisha, na mkono utakaokuwa umeiua ni huu wangu.

Halima ndiye aliyeokoa. Huyu alikuwa mshonaji wa Eastleigh, binti wa watu waliokimbia vita Somalia, msichana mkimya, na alikuwa amepewa kuigiza mama yake Sande. Alitoka alikosimama, akapita kando ya yule aliyelala, akaja hadi ukingoni mwa jukwaa. Hakupaza sauti.

"Mnamwita opareta?" akawauliza. "Mimi ndiye mama yake. Mwambieni aniungie mtoto wangu. Mimi pia nangoja."

Mkono wangu ulikuwa bado nje. Niliurudisha ndani polepole.

Kisha mama mmoja wa safu ya mbele, ninayemjua, muuza mboga wa Shauri Moyo, akaweka njugu zake kitini, akavua leso ya begani akajifunga kiunoni, akapanda jukwaani kwa shida, goti moja moja. Akaketi sakafuni kando ya Halima. "Pole, mama," akamwambia. "Tumekuja kukaa nawe." Akaja wa pili. Akaja mzee na kofia yake mkononi. Waliokuwa karibu na mlango walirudi, lakini hawakurudi vitini, walipitiliza mpaka mbele, kwa sababu mtu haketi kitini akitazama mfiwa kama televisheni. Mmoja akaanzisha wimbo wa matanga, Waluhya wakaupokea, wengine wakaitikia kwa namna yao, na akina mama wa Kiislamu wakamzunguka Halima. Waigizaji walisema maneno yao yaliyobaki katikati ya umati huo, wakijibiwa kila sentensi, hadi Sande akabebwa kutoka na watu wa mitaa yetu wasiojua hata jina la aliyeigiza. Sikuzima taa. Ningezimaje, watu wako matangani?

Bi Zehra alipanda kwangu baadaye, akijishikilia chuma.

"Wafula, mbona uliwasha taa?"

"Mazoea, Bi."

Akakaa kwenye kigoda changu. "Mume wangu alileta picha nyingi sana hapa. Hakuna hata moja iliyofanya mtu asimame akakae na mwenzake." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio wake wa dupata. "Mwambie Mwalimu aje mjini Jumatatu. Wenye marobota watafute kwao."

Jumamosi iliyofuata watu walipanga foleni wakiuliza mlangoni, "Leo atakufa?" Vijana wa mlangoni waliambiwa wajibu, njoo uone. Alikufa kila wiki, na kila wiki walikuja wakitumaini. Marjani ikawa nyumba ya sanaa kweli: taarabu, isukuti, kwaya, vijana wa kurap wenye suruali za kuanguka. Nilifanywa Msimamizi wa Jumba. Kaboni zilikwisha, haziuzwi tena popote. Akaja fundi wa taa na meza yake ya swichi, mashine zangu zikasukumwa ukutani na kufunikwa turubai. Nilisaidia kusukuma. Nilistaafu kabla ya muongo ule kwisha, wakanipigia makofi jukwaani, nikakodoa macho nisijue pa kuweka mikono.

Najivunia jumba lile, nisifiche. Vijana wengi wangekuwa hawana pa kwenda. Halima sasa anafundisha waigizaji pale. Hunijia nyumbani, ananiletea halua, ananiita Babu Opareta.

Lakini niwaambie ukweli, maana mzee akistaafu hana wa kumfukuza kazi. Naitamani picha. Naitamani hadi kifua kinauma: ule mlio, lile doa pembeni, pigo la kuvusha, na watu mia wanaoota ndoto moja gizani wasijue nani anawaotesha. Mchezo wa jukwaani ni mzuri, ila si wangu. Vijana huniuliza, "Babu, kama ungeweza kuirudisha skrini, ungeirudisha?" Nawaambia la, jukwaa ni bora. Huondoka wameridhika. Hawaniulizi swali la pili: kama ungepewa mchana mmoja tu, mashine zote mbili zinawaka, jumba limejaa, na gharama yake iwe jukwaa hili na yote yaliyofanyika juu yake, ungeupokea? Kila Ijumaa, siku niliyozoea kuzitia mashine mafuta, naomba Mungu wasije wakaliuliza.